Darasa Lililomngoja Mkubwa

Shule yetu ilipata geti kabla ya kupata darasa. Tena geti la kupendeza, nguzo mbili za mawe zilizopigwa plasta, na juu yake bango lenye jina la shule kwa rangi ya samawati. Ua haukuwepo. Kulia kwa geti nyasi, kushoto kwa geti nyasi, ng'ombe za watu zinapita upande zinaotaka. Lakini sisi wanafunzi ilikuwa lazima tupite katikati ya zile nguzo, maana prefekti alisimama pale na fimbo. Ukipita kando kama ng'ombe, unachapwa kama ng'ombe.

Watu wakiniuliza kwa nini nachechemea, huwaambia niliangukiwa na shule. Wanacheka. Wanadhani ni maneno ya mtu asiyesoma anayetafuta kisingizio. Basi nimeona niandike, ijapokuwa kalamu si kazi yangu, kazi yangu ni sufuria. Majina siandiki. Wengine wamekufa, na watoto wa wengine ni majirani zangu, tunaazimana chumvi. Vyeo nitavitaja vyote, na mtu wa kule kwetu milimani, upande wa Werugha, atajua mwenyewe nani alikuwa nani miaka hiyo ya sabini.

Aliyeanza mambo ni mkaguzi wa shule, na yeye sina ubaya naye. Alikuja siku moja akasukuma ukuta wa darasa letu la udongo kwa kidole, kidole kikaingia. Akatikisa kichwa, akaandika, akaondoka. Ukapita muda mrefu, kaka yangu akamaliza shule akaenda zake Mombasa kutafuta kazi, ndipo tukaambiwa serikali imetoa pesa za darasa la mawe. Chifu akaitisha baraza.

Nililisikia baraza lile kwa masikio yangu, nimekaa miguuni pa mama. Hedimasta alisimama kwanza. Akasema ujenzi lazima uanze na ofisi ya hedimasta, kwa sababu pesa ya serikali haiwezi kusimamiwa na mtu anayeandikia juu ya magoti. Watu wakapiga makofi. Chifu akasema ofisi sawa, lakini kabla ya darasa lazima geti, wakubwa wakija wataingilia wapi? Makofi. Diwani naye, ambaye kura zilikuwa zinakaribia, akasema haifai mkubwa aje anyeshewe na mvua yetu ya milimani, kwa hiyo lijengwe jukwaa lenye paa. Makofi zaidi, maana diwani alikuwa ameleta mbangara, ile pombe ya miwa, na ilikuwa inangoja nyuma ya duka.

Mama akainua mkono. "Na watoto je?"

"Mama," chifu akasema, mpole kabisa, "si hao watoto ndio tunaowajengea? Keti."

Mama akaketi.

Kontrakta alitoka Voi. Mtu wa miwani myeusi na lori bovu, ambalo kupanda mlima lilikuwa linapanda kwa kunung'unika kama mkwe. Yeye aliletwa na diwani, na diwani akasema hakuna fundi kama huyo nchi nzima ya Taita. Ofisi aliijenga haraka. Geti likasimama. Jukwaa likasimama, na saruji yake ilikuwa nzuri, hadi leo halina ufa. Ilipofika zamu ya darasa, lori likaanza kuugua. Mara limekwama Mwatate, mara limeenda Taveta kumalizia kazi nyingine, na hiyo kazi nyingine baadaye tulikuja kuijua, ilikuwa nyumba ya diwani. Sisemi jambo la siri. Watu walipita wakaiona.

Akina mama hawakungoja lori. Kwetu kazi ya harambee hugawanywa kwa nyumba, kila nyumba na fungu lake la mawe, na mawe yanatoka mtoni, chini kabisa, yanapandishwa mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Mama alibeba fungu letu na la bibi jirani ambaye mgongo ulikuwa umekwisha. Jioni akirudi alikuwa na alama ya kamba kwenye paji, kama mtu aliyevuliwa kofia iliyobana. Akinisugua miguu kwa mafuta alikuwa ananiambia, "Wewe soma tu. Ukipita huo mtihani wa darasa la saba uende sekondari, mimi hata kichwa kikikatika na kamba sijali."

Baba alikuwa akikata mkonge huko chini kwenye joto, anarudi mwisho wa mwezi. Kaka alimaliza bila kupita. Nyumba nzima ilikuwa inanitazama mimi. Na nilikuwa naweza, najisifu kidogo, hesabu nilikuwa nazimeza kama kimanga, kile chakula chetu cha kupondwa, na kimanga ninapenda.

Darasa likaisha mwanzo wa muhula wa tatu, muhula wa mtihani wangu. Lo, lilikuwa zuri! Liko tuta la juu, mabati mapya yanawaka, madirisha ya vioo, sakafu ya saruji laini mpaka unaogopa kuikanyaga. Darasa letu la zamani lilikuwa tuta la chini, chini yake hasa, limeegemezwa gogo la mkaratusi kwa ubavu ili lisilale. Kitu kimoja tu kilikosekana juu ya lile jengo jipya, gata za kupokea maji ya paa. Hedimasta alimuuliza kontrakta mbele yetu.

"Gata zimeliwa na geti," kontrakta akasema, anacheka. "Zitakuja baadaye, mwalimu. Maji yenyewe si yanajua njia ya kwenda chini?"

Kweli yalijua. Huko chini tulikuwa tumekaa sisi.

Tulidhani tutahama kesho yake. Tukafagia, tukabeba madawati yetu mpaka mlangoni, tukakuta kufuli. Hedimasta akatukusanya akatueleza kwamba jengo la serikali haliingiwi hivi hivi kama jiko la mama yako, ni lazima lifunguliwe rasmi, na mgeni wa heshima amekwisha kualikwa, mkubwa kabisa kutoka mkoani. Pale ukutani kulikuwa hata na jiwe limeandikwa cheo chake na siku atakayofungua. Mwanafunzi akiingia kabla ya siku hiyo, jiwe litakuwa limesema uongo.

Haya, tukarudisha madawati. Tukaanza kujiandaa kumpokea mkubwa. Kufundishwa kukapungua, kazi ikazidi. Tulipaka chokaa mawe ya kando ya njia kutoka getini hadi jukwaani. Tulipaka chokaa mashina ya miti. Tulijifunza wimbo wa kumshukuru mkubwa kwa kutujengea darasa, na mama zetu, walioyabeba yale mawe, walikuwa na ubeti wao wa kushukuru pia. Chifu akaleta fahali mwekundu kutoka ranchi za huko chini kuelekea Voi, achinjwe siku hiyo. Darasa la saba tukapewa kazi ya kumkatia majani.

Siku ikafika, mkubwa hakufika. Alikuwa na safari. Mvua nyepesi ikanyesha chokaa ikaondoka, tukapaka tena. Siku nyingine ikapangwa, jiwe likakwanguliwa likaandikwa upya, hakufika, alikuwa amefiwa. Tukapaka tena. Mara ya tatu tukaambiwa amehamishwa, anakuja mwingine mahali pake, kwa hiyo wimbo ubadilishwe maana huyu mpya ni mnene na ule wimbo wa kwanza ulikuwa unamsifu mkubwa kwa wepesi wa miguu.

Jirani yangu wa dawati alikuwa msichana mwenye mdomo. Siku moja tumeinama tunakata majani ya yule fahali, umande umetulowesha hadi kiunoni, akaniambia, "Mwenzangu, mimi nimeshachagua. Mtihani nimemwachia huyu ng'ombe afanye. Ameanza kuelewa."

"Na wewe utafanya nini?"

"Mimi nitachinjwa siku ya mkubwa. Angalau nitamwona."

Kwa nini diwani asifungue? Watu waliuliza. Diwani mwenyewe alitaka sana, alikuwa na suti tayari. Lakini chifu alikataa, akasema jengo la mawe kufunguliwa na diwani ni kumpa kura za bure, na tena akija mkubwa barabara itachongwa, akija diwani itachongwa nini? Diwani naye akaapa kwamba kama si yeye, basi hakuna atakayeigusa kufuli ile mpaka mkubwa aje. Hedimasta alikuwa anataka kupandishwa cheo, hakutaka kumuudhi yeyote. Nimewataja wote watatu sasa. Ufunguo ulikuwa mmoja, na kila mmoja wao alikuwa anasema uko kwa mwenzake.

Halafu mvua za vuli zikaanza, zile zenyewe. Ukungu ukashuka hadi mlangoni, huoni ubao kutoka dawati la nyuma. Maji ya mabati mapya yakawa yanaporomoka kutoka tuta la juu, mstari mrefu ulionyooka kama pazia, yanapiga moja kwa moja nyuma ya ukuta wetu wa udongo. Ndani ukutani palitokea doa la maji. Doa likawa linakua, kila asubuhi tunalipima kwa macho, jirani yangu analiita ramani ya Kenya, halafu ramani ya Afrika.

Fahali, mtoto wa joto, naye akaanza kukohoa. Huko kwao chini hajawahi kuona ukungu. Chifu akaja mbio amejifunika koti la mvua, akamtazama, akasema akifa huyu mkubwa atakula nini. Na asubuhi ile, mbele ya darasa la saba lote lililokuwa limesimama na majani mikononi, ufunguo ukapatikana. Ulikuwa mfukoni mwa hedimasta. Kufuli ikafunguliwa, fahali akaingizwa kwenye darasa jipya, akatandikiwa majani makavu kwenye sakafu ile laini, mlango ukafungwa asipigwe na baridi.

"Karibu mwalimu," jirani yangu akamwambia fahali. Akachapwa.

Jioni nilimwambia mama. Alikuwa anapepeta maharage, akauweka ungo chini polepole. Kesho yake alikuja shuleni na ile kamba yake ya kubebea mawe bado iko begani. Hedimasta alikuwa mlangoni pa ofisi yake.

"Mwalimu, hujambo. Nimekuja kuomba kitu kidogo."

"Sijambo, mama. Karibu."

"Naomba mtoto wangu akae na ng'ombe."

Hedimasta hakuelewa, au alijifanya. "Vipi, mama?"

"Huko alikolazwa yule ng'ombe kuna nafasi. Huyu wangu hali majani, hatamnyang'anya. Mtihani uko karibu, na ule ukuta wa huku chini mimi nimeutazama, umejaa maji kama mwanamke wa miezi tisa. Wahamishe watoto."

"Mama, lile bado halijafunguliwa."

"Halijafunguliwa? Ng'ombe ameingilia wapi, paani?"

Wanafunzi tuliokuwa karibu tulicheka, tukatazamwa, tukanyamaza. Hedimasta akashusha sauti. "Mama, nielewe. Ng'ombe hahesabiwi. Ng'ombe akiingia si kufungua. Akiingia mwanafunzi ndiko kufungua. Mimi nikifungua nitafukuzwa kazi. Mkubwa anakuja Ijumaa, amethibitisha. Vumilieni hadi Ijumaa."

"Na mvua umeiambia Ijumaa?"

"Mama, nenda nyumbani."

Akaenda kwa chifu. Chifu akamwambia hilo ni jambo la shule. Akaenda kwa diwani, mtaa wa pili, na matope yale. Diwani akamwambia kwa huzuni kubwa kwamba kama angepewa yeye kufungua, watoto wangekuwa ndani zamani, kwa hiyo amlaumu chifu, na uchaguzi ukifika amkumbuke yeye. Mama alirudi usiku umekwisha kuingia. Alisema neno moja tu, "Kesho usiende."

Nilienda. Kulikuwa na marudio ya hesabu, mtihani ulikuwa wiki inayofuata, ningekaaje nyumbani? Mama mwenyewe asubuhi hakunizuia. Alinitazama navaa, akanifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya baridi, akaniambia nikae upande wa mlango.

Upande wa mlango tulitaka kukaa wote. Tulikuwa tumebanana huko kama kuku, mwalimu anaandika asilimia ubaoni. Sikusikia kishindo. Watu husema kishindo, mimi sikusikia. Niliona ramani ya Afrika inatoka tumbo mbele, inakuja kwetu taratibu, nzima nzima, halafu gogo la mkaratusi likaruka na giza likaingia na matope mdomoni. Wengi walitokea mlangoni. Jirani yangu alitoka bila viatu. Mimi boriti ya paa ilinilalia pajani.

Walionitoa ni akina mama waliokuwa shambani, kwa mikono na majembe. Machela haikuwepo, wakachukua ubao wa darasa ulioanguka pamoja na ukuta, wakanilaza juu yake. Nilishushwa mlimani hadi barabarani juu ya ubao ule ule, na asilimia za asubuhi zikanichafua mgongo kwa chaki. Mama alishika kona ya kichwani. Njia nzima hakulia, alikuwa anawaambia wenzake, "Taratibu hapo, kuna jiwe. Taratibu."

Hospitali nilitundikwa mguu juu na uzito wa kuuvuta, paja lilikuwa limevunjika. Daktari akasema wiki nyingi. Nikamwuliza kama wiki ijayo naweza kwenda kufanya mtihani halafu nirudi. Alitabasamu. Nakumbuka sana tabasamu lile kwa sababu nilikuwa sijafanya mzaha.

Wenzangu walifanya mtihani kanisani, kwa sababu darasa jipya lilikuwa bado na ng'ombe. Ijumaa ya mkubwa ilikuwa imepita bila mkubwa. Siku hizo zote nililala natazama dari, najipa maswali mwenyewe, najijibu, najisahihisha. Nilijipa alama nzuri sana.

Chifu alikuja kuniona, nashukuru. Alileta mkate. Akakaa kitako, akanieleza kwamba akija mtu kuuliza, niseme watoto walikuwa wanacheza, wanauparamia ukuta. "Si kwa ubaya, binti yangu. Ni kwa faida ya shule. Serikali ikisikia vibaya, darasa la pili hatupati." Hakuna aliyekuja kuuliza, kwa hiyo sikupata nafasi ya kuisaidia shule.

Mkubwa alifika Desemba, shule zimefungwa. Watoto wakaitwa kutoka majumbani kuja kuimba. Jirani yangu alikuja wodini kunisimulia, amekaa pembeni ya kitanda anakula mkate wa chifu. Mkubwa alikata utepe, akaweka mguu mmoja ndani, akasimama. Harufu ya ng'ombe ilikuwa haijatoka. Akasema, "Safi sana," kwa sauti ya puani, akarudisha mguu, akaenda kwenye jukwaa kula. Katika hotuba chifu alisema mradi umekamilika bila hasara yoyote.

"Hukumwambia kwamba mimi niko hapa?" nikamwuliza.

"Nilikuwa kwenye ubeti wa pili," akasema. "Tulikatazwa kuacha kuimba."

Januari mama alinipeleka shuleni kurudia darasa la saba. Ninatembea kwa fimbo, tunapumzika kila tukipata jiwe, asubuhi nzima ikaisha njiani. Tukamkuta hedimasta kwenye baraza ya darasa jipya, amependeza, alikuwa karibu kuhamishiwa shule kubwa zaidi. Akanipa pole ndefu. Kisha akasema nafasi hakuna. Darasa zuri linavutia watu, wazazi wa mbali wameleta watoto. Nilichungulia. Mbele kabisa alikaa mtoto wa chifu, ambaye mwaka jana alikuwa anasoma mjini Wundanyi. Nyuma yake mtoto wa kontrakta, kutoka Voi, anaishi nyumbani kwa hedimasta.

"Atakaa chini," mama akasema. "Sakafuni. Hata pembeni."

"Sheria, mama. Waliokwisha kupata nafasi ya mtihani hawawezi kuchukua ya wengine."

"Nafasi ipi aliyoipata?"

"Aliandikishwa. Kutofanya ni bahati mbaya."

 Mama aliweka kiganja chake kwenye ukuta, kwenye jiwe moja la pembeni, akaliacha, akanishika mkono. Tukazunguka nyuma ya jengo kwa sababu huko njia haina mteremko mkali. Chini ya dirisha nikasimama, paja lilikuwa linawaka moto. Ndani mwalimu wa hesabu alikuwa ameanza.

"Asilimia ishirini na tano ni sehemu gani ya kitu kizima?"

"Robo!" darasa likaitikia. Na mimi huku nje nikaitikia, kwa sauti, sikujua kama nimefungua mdomo.

"Hamsini?"

"Nusu!" tukasema.

Mwalimu akatoa kichwa dirishani, akatuona. Hakuwa mtu mbaya, ni mgeni tu, hakunijua. "Nyinyi huko," akasema, "msisumbue watoto wanaosoma."

"Samahani, mwalimu," mama akasema. Akanigeuzia mgongo, akachuchumaa nimpande, na mimi msichana mkubwa vile nikampanda, akasimama nami.

"Sabini na tano?" mwalimu akauliza ndani.

Safari hii niliifumba midomo.